Kutoa Taarifa ya Taka ni Sehemu ya Tiba: Maelezo kwa Wakazi na Wahudumu wa Afya wa Karatu na Ngorongoro

Mtoto akiletwa kituoni kwa kuhara mara ya tatu ndani ya miezi miwili, dawa tunazompa huwa sahihi, lakini hazitoshi. Maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki humtibu mtoto. Haviondoi lundo la taka lililoziba mtaro mbele ya nyumba yao. Makala hii inaeleza kwa nini taarifa kuhusu lundo hilo ina thamani ya kitabibu, ipelekwe kwa nani, na itolewe vipi.

Taka huletaje ugonjwa?

Kwanza, inzi huzaliana kwenye mabaki ya chakula na kinyesi, kisha hubeba vimelea hadi kwenye vyombo na chakula. Pili, mtaro ulioziba hufurika wakati wa masika, na maji machafu huingia kwenye visima na vyanzo vya maji. Hapo ndipo kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia. Tatu, makopo na matairi chakavu hutuamisha maji ambamo mbu huzaliana.

Nne, taka hulisha panya. Jambo hili lina uzito wa pekee katika ukanda wetu, kwa kuwa viroboto wa panya hueneza tauni, na wilaya jirani ya Mbulu ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2007. Dalili zake ni homa ya ghafla na uvimbe wenye maumivu makali kinenani, kwapani au shingoni. Tauni hutibika kwa antibiotiki iwapo mgonjwa atawahi, akichelewa, huua.

Kwa wafugaji wa Ngorongoro kuna hasara nyingine: ng'ombe au mbuzi akila plastiki, haisagiki tumboni. Mnyama hudhoofu, na familia hukosa maziwa.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo hiyo inamwekea wajibu wa kuyalinda mazingira na kuijulisha mamlaka husika kuhusu jambo linaloweza kuyaathiri kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo, anayetoa taarifa si mchongezi wa jirani yake, bali anatimiza wajibu wa kisheria.

Taarifa ipelekwe wapi, na iwe na nini?

Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Pasipo hatua, nenda kwa mtendaji wa kata na afisa afya, kisha halmashauri ya wilaya. Ndani ya eneo la hifadhi, ijulishe pia Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Kusema "mji ni mchafu" hakumsaidii afisa. Taja mambo manne: mahali hasa, aina ya taka, tangu lini zipo, na nani ameathirika. Kwa mfano: "Mtaro ulio nyuma ya soko umezibwa na mifuko na mabaki ya mboga kwa wiki tatu, maji yanaingia katika nyumba nne." Iandike, baki na nakala, na uandike tarehe na jina la aliyeipokea. Ukirudi kufuatilia, nakala hiyo itakusemea.

Ukikuta sindano zilizotumika, usiziguse, na uwazuie watoto kukaribia. Ukiona panya wengi wamekufa bila sababu inayojulikana, usiwashike. Toa taarifa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usichome plastiki, kwani moshi wake una sumu.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Unapochukua historia ya mgonjwa wa kuhara, uliza anakotupa taka na anakochota maji. Wagonjwa watatu kutoka kitongoji kimoja ndani ya wiki moja ni ishara. Mpigie afisa afya bila kusubiri wa nne. Kipindupindu na tauni, hata vikishukiwa tu, hutolewa taarifa mara moja, ndani ya saa 24.

Mgonjwa anayeondoka na dawa aondoke pia akijua ni nani wa kumweleza kuhusu lundo lililo mlangoni pake. Vinginevyo, tutaonana naye tena mvua zitakaponyesha.