Suti kavu na jaketi la kuelea: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Wazamia lulu wa Ghuba walishuka kwa jiwe na kupanda kwa kamba. Juu ya chombo alisimama mwenzao, saibu, na kazi yake ilikuwa kuivuta ile kamba pale anapotikiswa kutoka chini. Mpiga mbizi wa leo naye ana jiwe lake, ndizo risasi anazofunga kiunoni. Na ana kamba yake, ndilo jaketi la kuelea, ambalo skuli nyingi za mbizi huliita BCD. Ila juu hakuna saibu. Mvutaji ni wewe mwenyewe, kwa kidole kimoja juu ya kitufe cha hewa.

Nayaandika haya khasa kwa vijana wetu waliojifunza mbizi Maskati kisha wakahamia Uingereza kwa masomo au kazi. Kwetu, sehemu kubwa ya mwaka, suti nyembamba ya mpira na jaketi jepesi la safari vinatosha. Lakini ukenda Stoney Cove, ziwa la machimbo ya mawe huko Leicestershire, au Scapa Flow kule Scotland, walikolala meli za kivita za Wajerumani zilizozamishwa mwaka 1919, maji ni baridi na wenyeji huvaa suti kavu. Wengi hununua suti hiyo kwa pesa nyingi, kisha wakavaa juu yake jaketi lile lile la zamani. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Suti kavu hubadilisha hesabu

Suti ya mpira huruhusu maji kuingia. Suti kavu huyazuia kabisa, na ndani yake unavaa nguo nzito za kuhifadhi joto. Hewa iliyomo kwenye nguo hizo hukufanya mwepesi, kwa hiyo unaongeza risasi ili uweze kuzama. Ukifika mita 10 mgandamizo umekuwa mara mbili ya ule wa juu, hewa imepungua nusu, na suti inakubana. Unaongeza hewa kidogo kwa vali ya kifuani. Ukipanda, hewa hiyo hutanuka na lazima itoke, kwa kawaida kupitia vali ya mkono wa kushoto.

Maana yake sasa una mifuko miwili ya hewa: suti na jaketi. Wako walimu wanaofundisha kutumia suti kujisawazisha chini ya maji na kuliacha jaketi kwa kazi ya juu. Wengine husema jaketi ndilo la kujisawazisha, na suti itiwe hewa ya kuondoa mbano tu. Fuata ulivyofundishwa. Kwa njia yoyote ile, jaketi ndilo akiba yako suti ikikuangusha.

Linyanyue kilo ngapi?

Nguvu ya jaketi huandikwa kwa kilo au nyutoni. Nyutoni 10 ni takriban kilo 1. Usinunue kwa kukisia, piga hesabu mbili.

Ya kwanza: suti ikipasuka au zipu ikifunguka, itakuwaje? Maji yaliyoingia ndani hayana uzito ungali majini, lakini ile hewa iliyokuwa ikikubeba imeondoka. Tuseme umevaa risasi kilo 12, na 10 kati ya hizo ulizitia kwa ajili ya suti na nguo zake. Hizo 10 sasa zinakuvuta chini. Ongeza uzito wa hewa ya mtungi: mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 232 una hewa ya zaidi ya kilo 3. Jumla imepita kilo 13.

Ya pili: ukilivua jaketi majini ili upande boti, je, litaelea peke yake? Kama risasi zote 12 zimo katika mifuko ya jaketi, pamoja na hewa ya mtungi uliojaa, umefika kilo 15 na zaidi. Ukihamishia baadhi ya risasi kwenye mkanda wa kiuno, mzigo huo unapungua.

Kwa mfano huu, jaketi la kilo 16 hadi 18 linatosha. Majaketi mengine mepesi ya safari hayafiki hapo. Wala kubwa mno si bora: hujikunja kuuzunguka mtungi, na hewa hunasa ndani ya mikunjo wakati unataka itoke.

La kuzunguka mwili au la bawa?

Jaketi la kawaida hujaa hewa ubavuni na tumboni. Hukaa vizuri ukiwa juu ya maji, lakini likijaa huibana suti. La bawa huweka hewa yote mgongoni na kuacha kifua wazi. Bamba lake la chuma hukupunguzia risasi za kiunoni, na mikanda yake hurefushwa kwa nguo za baridi na kufupishwa ukirudi Maskati. Kasoro yake ni kwamba ukilijaza sana juu ya maji hukusukuma uso mbele. Tia hewa ya kiasi, ulale kidogo kwa mgongo.

Lijaribu ukiwa na suti mwilini

Kosa hili nililifanya mimi. Nilivaa jaketi langu la Maskati juu ya suti nene, na mkanda wa bega ukaikalia vali ya mkono. Wakati wa kupanda hewa ilikataa kutoka, nikaanza kubebwa juu kama puto. Mwenzangu aliniwahi mguu, akanizuia mpaka nikausogeza mkanda. Kupanda kwa kasi vile kunaweza kupasua mapafu.

Basi nenda dukani na suti, nguo za ndani na glavu, uangalie haya:

- Vali ya kifuani na ya mkononi zisifunikwe na mkanda wowote.
- Ukifumba macho, ukitambue kitufe cha suti na kitufe cha jaketi bila kuvichanganya.
- Ukiwa na glavu, uweze kufungua vifungo, kuvuta kamba ya kutoa hewa na kuangusha risasi.
- Jaketi likijazwa lisipande hadi masikioni; mkanda wa kupita mapajani husaidia.

Nunua suti kwanza, jaketi baadaye. Mbizi ya kwanza ifanye penye maji mafupi, na mwisho wake, mtungi ukibaki bar 50, hakikisha unaweza kutulia mita 5 na jaketi karibu tupu. Ukishindwa kutulia hapo, rekebisha risasi kabla hujaenda penye kina.