Dhahabu ya Kakamega na Swali Lililokwisha Kupangwa

Watu wengi hudhani kwamba taasisi ikitaka kumshawishi raia lazima imdanganye. Wala haihitaji. Inatosha ichague siku ya kutoa habari, lugha ya kuitolea, na swali ambalo raia ataruhusiwa kulijibu.

Kakamega, magharibi mwa Kenya, ililionja hilo zamani. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikitwaliwa, watapewa nyingine badala yake, na baraza lao litaarifiwa kwanza. Mwaka uliofuata dhahabu ikagunduliwa. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria hiyo mbiombio: kwa ardhi ya madini, fidia ikawa pesa, na sharti la kulihusisha baraza likaondolewa. Baada ya hapo wazee wangeweza kuelezwa faida za machimbo kwa upole wote. La kuamua halikuwepo tena.

Leo kampuni ya Shanta Gold inataka kuchimba dhahabu Isulu na Bushiangala, katika Ikolomani, hukohuko Kakamega. Sheria inadai tathmini ya athari kwa mazingira, na NEMA, mamlaka ya mazingira, hupokea maoni ya umma kabla ya kutoa leseni. Kwenye karatasi, hatua kubwa kutoka 1932. Lakini ripoti za namna hiyo huwa nene, zimejaa Kiingereza cha wahandisi. Mwenye shamba aliyesomewa muhtasari tu uwanjani, kisha akapewa kipaza sauti kwa dakika mbili, ataulizia fidia. Hatauliza kama mgodi uwepo au usiwepo, kwa kuwa namna alivyoelezwa jambo lenyewe imekwisha kulivuka swali hilo. Desemba 2025 kikao cha maoni kuhusu mgodi huo kilivurugwa na ghasia. Siwatetei waliorusha mawe, ila wanaoshangaa sijui walitarajia nini.

Vyuoni mambo kama hayo hufanyika kwa utulivu zaidi. Tangu sheria ya vyuo vikuu iliporekebishwa mwaka 2016, wanafunzi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa mjini Kakamega, walitakiwa wachague wajumbe, nao wajumbe ndio wachague viongozi wa chama cha wanafunzi. Yalisemwa mengi kuhusu kupunguza fujo na ukabila. Sawa, lakini wajumbe wachache ni rahisi kuwaita ofisini kwa chai kuliko maelfu ya wapiga kura.

Silaha ya raia ipo, na haitumiwi vya kutosha. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma, kwa Kiswahili ukitaka, bila kulipia ombi. Utalipa gharama za nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikinyamaza, mpelekee malalamiko Ombudsman, anayeshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Basi usingoje siku ya mkutano. Omba ripoti nzima mapema, omba na kumbukumbu za vikao vilivyotangulia, kisha uliza kwa maandishi: je, uamuzi umekwisha kufanywa, na ni nani aliyeufanya?