Manjano na Ubongo: Uza Ubora, Usiuze Tiba



Kijana mmoja mkulima wa manjano, huku Muheza, alinionyesha lebo mpya ya unga wake. Imekaa vizuri: picha, uzito, namba ya simu. Ila chini, kwa herufi kubwa: "INATIBU KIHARUSI NA KUSAHAU."

Nikamuuliza, "Mwanangu, hii umeitoa wapi?"

"Bwana shamba, si iko mtandaoni kote? Tangu niiandike, mzigo unatoka."

Wiki mbili hazikuisha, akanipigia, sauti iko chini. Mteja wake amelalamika: mama yake ameacha vidonge vya presha, anakunywa manjano tu, sasa amelazwa. Mama alipona, tunashukuru. Lakini kijana hakulala.

Ukweli uko wapi?

Hakuokota uongo mtupu. Rangi ya manjano inatokana na kemikali iitwayo kurkumini. Ubongo nao una askari wake, seli zinazoitwa mikroglia. Zikihisi jeraha au vijidudu, zinawasha moto wa kujilinda. Moto huo ukiwaka miaka bila kuzimika, unaumiza seli za ubongo wenyewe, na unahusishwa na magonjwa kama Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau uzeeni. Maabara, na kwa panya, kurkumini imeonekana kuupunguza.

Tatizo ni kwamba mtu si panya. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 hivi, yaani gramu 30 kwenye kilo nzima. Na hiyo kidogo, utumbo unaifyonza kwa shida na ini linaivunja haraka. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kemikali iliyomo kwenye pilipili manga inaongeza kiasi kinachofika kwenye damu mara 20. Sawa, lakini pilipili manga hiyohiyo inaweza kubadilisha nguvu ya dawa za hospitali. Na kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kurkumini nyingi inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Majaribio kwa watu yapo, mengi madogo. Baadhi yameona kumbukumbu ikiimarika kidogo. Mengine, kwa wagonjwa wa Alzheimer, hayakuona nafuu. Kwa hiyo ni kiungo kizuri cha mboga, lakini hakichukui nafasi ya vidonge vya presha.

Somo la Bangladesh

Kule, baada ya mafuriko makubwa ya miaka ya 1980, manjano yalilowa na kufubaa. Wachakataji wakaanza kuyapaka rangi ya njano yenye madini ya risasi ili yavutie. Mwaka 2019 watafiti wakaanika jambo hilo, na serikali ikaanza kupima na kutoza faini. Risasi inaharibu ubongo, hasa wa mtoto. Yaani kitu kinachosifiwa kulinda ubongo ndicho kilichokuwa kinauumiza! Na chanzo kilikuwa mzigo usiokauka vizuri.

Basi fanya hivi

- Vuna majani yakishakauka, kwa kawaida miezi 7 hadi 10 tangu kupanda.
- Osha, kisha chemsha dakika 45 hadi 60, mpaka kijiti kipenye kirahisi. Usipitilize.
- Anika kwenye kichanja au turubai safi, sio chini. Yamekauka pale ukivunja yanalia "ka!" Kilo 5 mbichi zitakupa kilo 1 hivi kavu, kwa hiyo panga bei ukijua hilo.
- Hifadhi pakavu. Unyevu unaleta ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu.
- Usiongeze rangi wala unga wa mahindi. Hata kidogo.
- Kwenye lebo andika jina, uzito, tarehe na mahali yalipolimwa. Fuata taratibu za TBS. Neno "inatibu" liondoe.

Yule kijana alichoma lebo zote, na hela ya uchapaji ikaenda. Mpya inasema: "Manjano safi ya Muheza. Hayajaongezwa kitu." Mauzo yalishuka mwezi wa kwanza, sitakudanganya. Ila sasa ana mwenye mgahawa Tanga mjini anayechukua kila wiki, na simu ikiita usiku haogopi kupokea.

Tukutane shambani.