Nta au Polishi: Hifadhi ya Boti ya Faiba

Mwenye boti ya faiba apitishapo kitambaa cheusi ubavuni mwake kikatoka na vumbi jeupe mithili ya chaki, na ajue kwamba jua limekwisha kuila jelikoti, tabaka la nje ambalo unene wake kwa kawaida haufiki milimita 1. Na hapo nta peke yake haitafaa, kwa kuwa kazi yake ni kuhifadhi, wala si kutibu. Aanze na polishi yenye chembe laini za kusugua, lakini kwa tahadhari, maana jelikoti iliyosuguliwa hairudi. Ndipo, kivulini, apake nta: ya karnauba, itokanayo na majani ya mti wa Brazili, ina mng'aro mzuri, ya polima aghalabu hudumu zaidi.