Mkungu Haupimwi kwa Kilo

Kwa Mhaya wa Kagera, kibanja na nyumba ni kitu kimoja. Migomba huizunguka nyumba, mibuni ikachanganyika na migomba, maharage yakaota chini yake, na makaburi ya wazee yakawa humo humo. Kibanja kinapoishia ndipo rweya inapoanza, nyika ya nyasi za kulishia ng'ombe na za kuezekea nyumba za msonge. Aliyekulia Kamachumu au Nshamba kule Muleba, au Maruku na Katoma karibu na Bukoba, alijua kwamba ndizi ya chakula cha jioni haitafutwi mbali. Baba anashika panga, mkungu unashuka, jiko linawashwa. Mwenye kibanja kwenda kununua ndizi za kupika lilikuwa jambo la kuulizwa: kumetokea nini kwake?

Mji ndio uliobadilisha hesabu hiyo. Bukoba ilianza kuwa mji mwaka 1890, Emin Pasha alipoweka hapo kituo cha Wajerumani kando ya ziwa. Miaka ilivyokwenda wakaja makarani, walimu, askari, madereva na wafanyabiashara. Wengi wao waliacha kibanja nyumbani au hawakuwa nacho kabisa, na wote walitaka kula. Ndiyo maana napenda kulitazama soko la Bukoba kwa jicho la mila. Humo watu wa mjini hutafuta kile ambacho kibanja kingewapa, na adabu za kibanja zimewafuata hadi sokoni.

Asubuhi mikungu huingia kwa baiskeli, kwa bodaboda na kwa malori yanayotoka Muleba na vijiji vya jirani, mingine ikiwa imefungwa kwa majani makavu ya mgomba isichubuke. Mgeni akifika huuliza, "Ndizi bei gani?" Muuzaji hawezi kumjibu, maana hajajua anataka zipi. Kuna ebitoke, ndizi za kupika. Kuna nkonjwa za kuchoma, kuna za kuivisha na kula tamu, na kuna embire za kutengenezea pombe. Anayepika embire kama chakula ataonja uchungu wake mezani. Mwenyeji huanza kwa salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una wageni, au ni za nyumbani?"

Swali hilo la mama muuzaji lina maana kubwa. Za nyumbani zinaweza kuwa mkungu mdogo, hata ukiwa na vidole vichache vilivyochubuka. Mgeni huchaguliwa mkungu ambao vidole vyake vimejaa na pembe zake zimeanza kupotea, na kikonyo bado kinatoa utomvu, dalili kwamba umekatwa karibuni. Hapo hakuna mizani. Mkungu hupimwa kwa macho, huinuliwa kwa mikono miwili, kisha bei huzungumzwa. Kuishusha bei kunaruhusiwa. Kuusema vibaya mkungu wa mtu ili aushushe bei ni utovu wa adabu, kwa kuwa anayeusema mkungu amekisema kibanja, na anayekisema kibanja amewasema waliokilima.

Siku za mwisho wa juma utaona wanunuzi wanaobeba mikungu mitano au sita kwa pamoja. Hao wana arusi, au wana msiba. Desturi ya kwenda kwa mfiwa au kwa mgonjwa na mkungu begani haijafa. Aliyehamia mjini ameibadilisha kidogo tu, anaupitia sokoni kabla ya kupanda gari. Akifika, haulizwi kama ameukata au ameununua. Anapokelewa.

Ukipita kwenye ndizi utakutana na vifurushi vidogo vya kahawa ya kutafuna. Wahaya walikuwa na kahawa yao kabla ya Wazungu kufika. Tunda la robusta huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa, na mgeni hupewa kabla ya jambo jingine lolote. Wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana buni mbili za tunda moja, kila mmoja akila iliyopakwa damu ya mwenzake. Baadaye kahawa ikawa zao la fedha. Mwaka 1950 wakulima waliunda chama kikuu cha ushirika, ambacho leo kinajulikana kama KCU, na magunia yakaenda ng'ambo. Hata hivyo ile ya kutafuna ilibaki kwa wenyewe, na hadi leo anayesafiri kwenda Mwanza au Dar es Salaam hununua vifurushi kadhaa vya kuwapelekea ndugu.

Msimu wa senene, hasa Novemba na Desemba, soko hubadilika sura. Ndoo hujaa senene wa kijani na wa kahawia, na akina mama huketi wakiwanyonyoa mabawa na miguu huku wakizungumza. Zamani wanawake ndio waliowakusanya alfajiri kwenye nyasi, lakini wa kula walikuwa wanaume, na mume muungwana alimshukuru mkewe kwa nguo mpya. Siku hizi senene wengi hunaswa usiku kwa taa kali na mabati, na wanaliwa na wote, mama na binti wakiwemo. Hiyo ni mila iliyorekebishwa, na naona imerekebishwa vema: aliyeamka alfajiri anastahili kuonja.

Ndizi nyingine hazikai Bukoba. Hushuka bandarini hapo mjini, au bandari ya Kemondo, zikavuka ziwa hadi Mwanza. Njia hiyo ina kilio chake: tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Hadi leo familia nyingi za Kagera huitaja Mei hiyo kwa sauti ya chini. Lakini ziwa ndilo barabara ya watu hawa, na mikungu inaendelea kuvuka.

Tishio jingine lilitoka ndani ya kibanja chenyewe. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulibainika Muleba. Vimelea vyake hupita kwa wadudu wanaotembelea ua dume, na kwa panga linalokata mgomba mgonjwa kisha mzima. Wakulima wakafundishwa kuondoa ua dume mapema kwa panda ya mti, kung'oa migomba iliyougua, na kusafisha panga kwa jiki au kulipitisha motoni. Fundisho hilo liligusa desturi mbili za ujirani mwema: kuazimana panga, na kumpa mchipukizi wa mgomba kijana anayeanza kibanja chake. Zote mbili zinafaa kudumu, ila kwa uangalifu: panga lisafishwe, na mchipukizi utoke shamba lililothibitika kuwa zima.

Kwa hiyo anayekwenda soko la Bukoba na kapu lake hana budi kujua kwamba anaingia katika kibanja cha pamoja. Asalimie kabla ya kuuliza bei. Aende na mtoto, amwonyeshe tofauti ya embire na ebitoke, amfundishe kutazama utomvu. Na wanaopanga masoko yetu wamwachie nafasi mama anayeleta mikungu yake miwili kutoka kijijini, pasipo kumsukuma barabarani kwa kuwa hana kizimba. Yeye ndiye anayekiunganisha kibanja na mji. Akikosa pa kuketi, watoto wa mjini watabaki na ndizi, lakini hawatakuwa na wa kuwauliza kama wana wageni.