Meja Anapoketi Kiti cha Kulia

Neno kapteni lina maana mbili zisizoelewana. Jeshini, kapteni ni afisa kijana mwenye nyota tatu begani. Juu yake wapo meja, luteni kanali, kanali na majenerali. Katika ndege ya abiria, kapteni ni yule mwenye mistari minne, na ndani ya chombo hicho hakuna aliye juu yake. Basi meja akivua magwanda na kuajiriwa na shirika la ndege, anaanza na mistari mitatu. Anaketi kiti cha kulia kama rubani msaidizi, na kapteni wake huenda akawa binti wa miaka 29 aliyejifunza kuruka kwa Cessna pale uwanja wa Wilson, Nairobi.

Kazi yangu ni kuwaandaa marubani wanaovuka daraja hilo. Wengi wao huja na wasiwasi mmoja: je, mikono yangu itaiweza Boeing? Itaiweza. Mtu aliyetua na ndege aina ya Buffalo kwenye kiwanja cha vumbi, upepo ukimpiga ubavuni na mbuzi wakikatiza mbele, hana cha kuogopa kwenye lami ya kilomita tatu. Kinachowachelewesha marubani hawa ni daftari la saa za kuruka, na kinachowaangusha ni kile kiti cha kulia.

Nianze na daftari na leseni. Usafiri wa anga wa kiraia duniani umejengwa juu ya Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944. Ibara yake ya 3 inasema wazi kwamba mkataba huo ni wa ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, forodha na polisi ni ndege za dola, na haziko chini yake. Sentensi hiyo fupi ndiyo inayomsumbua meja wetu miaka mingi baadaye. Jeshi lilimpa mbawa za kubandika kifuani, likampa ndege, likamtuma usiku kwenye mvua, ila leseni ya kiraia halikumpa, kwa sababu halikuihitaji. Mbele ya mamlaka ya usafiri wa anga, mtu aliyerusha ndege miaka 15 anaweza kuwa hana karatasi hata moja ya kumruhusu kubeba abiria mmoja wa kulipa.

Si dharau hiyo. Kila nchi hujiamulia ni kiasi gani cha ujuzi wa jeshini itakihesabu. Marekani imeenda mbali: rubani wa jeshi mwenye kumbukumbu kamili hufanya mtihani wa maandishi kuhusu kanuni za kiraia, akifaulu anapewa leseni ya biashara bila kupimwa tena angani. Wa kwetu Afrika Mashariki ajiandae kwa safari ndefu zaidi: kipimo cha afya cha daraja la kwanza, mitihani ya nadharia, kisha kupanda ndege na mtahini. Kwenye nadharia, somo linalowachoma wengi ni sheria za anga. Jeshini mtu huzoea kuruka katika eneo lililofungwa kwa ajili yake. Uraiani anaingia kwenye foleni. Kuna njia zilizochorwa za kuondokea uwanjani na za kuingilia, kuna kimo alichopangiwa, kuna mafuta ya akiba yasiyoguswa: kwa ndege ya jeti, baada ya kuhesabu safari nzima pamoja na uwanja mbadala, lazima yabaki ya kuelea dakika 30 nyingine.

Halafu zinakuja saa. Viwango vya kimataifa vinataka saa 200 za kuruka kwa leseni ya rubani wa biashara, au 150 kwa aliyepita kozi moja kamili iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inataka saa 1,500. Namba hizo zinaonekana ndogo kwa mtu aliyetumikia muda mrefu, mpaka afungue daftari lake.

Tuangalie mstari mmoja wa daftari la rubani wa ndege ya kivita. Tarehe, aina ya ndege, namba ya ndege, zoezi, na mwisho muda: saa 1 na dakika 5. Muda huo kwa kawaida umehesabiwa tangu magurudumu yalipoacha ardhi hadi yalipoigusa tena. Daftari la kiraia huhesabu vingine. Muda wa safari huanza ndege inaposogea kwa mara ya kwanza kwa nia ya kuruka, na huisha inaposimama kabisa baada ya kutua. Rubani wa shirika anayengoja zamu yake nyuma ya ndege tano pale uwanja wa Jomo Kenyatta anaandikiwa dakika zake zote. Mwenzake wa jeshini aliyetembeza ndege robo saa kuifikia njia ya kurukia hakuandikiwa kitu. Kwa kulijua hilo, mashirika mengi ya Marekani humwongezea mwombaji kama 0.2 au 0.3 ya saa kwa kila mruko wa jeshini. Piga hesabu: miruko 1,000 mara 0.3 ni saa 300. Mwenye hoja ya kueleza jambo hili mezani anaondoka na saa 300 ambazo mwenzake aliyenyamaza hakupata. Lakini asizijumlishe kimyakimya ndani ya daftari. Aziache saa kama zilivyo, aandike maelezo pembeni, mwajiri au mamlaka iamue yenyewe.

Aliyerusha ndege za mizigo na za askari ana nafuu. Safari zake ni ndefu, ndege yake ina injini mbili au zaidi, na tayari amezoea kuwa na mtu wa pili pembeni. Wa helikopta ndiye mwenye mlima. Saa zake ni halali, hakuna anayezibeza, ila sehemu kubwa ya masharti ya ndege za mabawa hudai saa za ndege za mabawa, kwa hiyo lazima arudi kwenye injini ndogo na kulipia mafuta mwenyewe. Marekani, upungufu wa marubani ulipoyabana mashirika ya mikoani, baadhi yao yalianza kuwalipia marubani wa helikopta wa jeshi gharama hizo. Huku kwetu sijaona mpango kama huo, na nadhani tunapoteza watu wazuri.

Nikiwa bado kwenye saa, niseme neno kuhusu imani yetu kubwa kwa namba. Mwezi Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, wakafa watu 50. Bunge la Marekani likajibu kwa sheria iliyofanya saa 1,500 kuwa sharti hata kwa rubani msaidizi, na waliofunzwa na jeshi wakapunguziwa hadi 750. Ila marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshapita saa 1,500 siku nyingi. Ilipunguza kasi kupita kiasi, ikaanza kupoteza nguvu ya kuelea, na waliokuwa ndani hawakuliona tatizo mapema na kulitaja. Saa zinasema umekaa angani muda gani. Hazisemi ulikaaje na mwenzako. Hapo ndipo ninapofika kwenye kiti.

Afisa mmoja niliyemfundisha alikuwa na mkono wa ajabu. Tulikuwa kwenye simuleta, usiku, mvua, tunateremka. Yeye anarusha kutoka kiti cha kulia. Kushoto kwake kapteni kijana, kazi yake ni kuangalia vipimo na kutaja anachokiona. Kanuni ya mashirika mengi ni kwamba ukifika futi 1,000 juu ya uwanja lazima ndege iwe imetulia: magurudumu chini, mabawa yamepanuliwa kwa kutua, kasi sahihi, mteremko sahihi. Kimoja kikikosekana, unarudi juu. Futi 1,000 zikafika, kasi imezidi. Kapteni akasema, "Haijatulia, afande. Turudi juu." Afisa hakujibu. Akapunguza nguvu kidogo, akaipeleka pua inapotakiwa, na akatua kwa ulaini ambao hata mimi niliuonea wivu.

Nikasimamisha mashine, nikamwambia zoezi hilo hajalifaulu.

"Mwalimu, niliiona ile kasi. Nilikuwa naishughulikia."

"Najua uliiona. Yeye hakujua."

Alikaa kimya muda mrefu. Sikumlaumu, maana alikuwa amefanya kila alichofundishwa kwa miaka 18. Katika ndege ya kiti kimoja, tatizo likitokea ni lako, unalitatua, unaendelea na kazi. Kuligeuza kuwa mazungumzo ni kupoteza sekunde. Katika ndege ya watu wawili, tatizo lisilotamkwa lipo upande mmoja tu wa chumba. Mwenzako hajui kama umeliona, kama una mpango, au kama umezimia macho wazi. Akisema "haijatulia" nawe ukanyamaza, umemfundisha kwamba kusema hakuleti kitu, na siku nyingine hatasema. Yule kapteni naye nilimpa la kwake: hilo "afande" liachwe nje ya mlango. Ni heshima nzuri barabarani na kwenye chai. Ndani ya chumba cha marubani linainamisha sauti kidogo, na sauti ikiinama kwa futi 1,000 hainyanyuki kwa futi 300.

Najua namna ukimya huo unavyoua. Tarehe 22 Desemba 1999, ndege ya mizigo ya Korean Air, Boeing 747, iliondoka Stansted karibu na London usiku. Kapteni alikuwa na miaka 57, na aliwahi kuwa rubani wa jeshi la anga. Msaidizi wake alikuwa na miaka 33. Kipimo cha kapteni cha kuonyesha mlalo wa ndege kilikuwa kibovu. Kilimwonyesha mabawa yamenyooka wakati ndege inazidi kulalia kushoto. Kipimo cha msaidizi kilikuwa kizima, mbele ya macho yake, kikionyesha ukweli. Kengele ya tahadhari ililia. Mhandisi wa ndege aliyeketi nyuma yao aliita kwamba ndege inalala. Msaidizi hakusema neno wala hakushika usukani. Chini ya dakika moja tangu kuondoka ilipiga ardhi, wakafa watu wote wanne waliokuwamo. Shirika hilo likabadilisha mafunzo yake kuanzia mizizi, likaita wataalamu wa nje, na kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata halikupoteza mtu katika ajali.

Wanafunzi wangu hunijibu kwa jina la Sullenberger. Nalipenda jibu hilo. Ni kweli Chesley Sullenberger alirusha ndege za kivita aina ya Phantom katika jeshi la anga la Marekani, na ni kweli mnamo 15 Januari 2009, ndege wa porini walipozima injini zake zote mbili juu ya New York, aliiteremsha Airbus kwenye mto Hudson na watu wote 155 wakatoka hai. Lakini jeshini aliondoka 1980. Kati ya Phantom na Hudson kuna miaka 29 ya kukaa na mtu wa pili, na katika miaka hiyo alishiriki kufundisha wenzake namna ya kushirikiana ndani ya chumba cha marubani. Muda kati ya kugongana na wale ndege hadi majini haukufika hata dakika nne. Msaidizi wake, Jeffrey Skiles, alikuwa akipitia orodha ya kuwasha injini upya wakati Sullenberger akishika usukani. Na sekunde chache kabla ya kugusa maji, kapteni yule alimuuliza msaidizi kama ana wazo lolote. Huyo ni askari aliyemaliza kuvuka.

Njia yenyewe si ngeni kwetu. Wilson Airways ilipoanza Nairobi mwaka 1929, rubani wake mkuu, Tom Campbell Black, alikuwa amejifunza kuruka katika Vita Kuu ya Kwanza. Na leo kampuni zinazopeleka misaada na mizigo kwenye viwanja vifupi vya kaskazini mwa Kenya, Somalia na Sudan Kusini zinahitaji mikono ya aina hiyo hasa.

Anayefikiria kuvuka asisubiri barua ya kustaafu. Kwanza apime afya daraja la kwanza, kabla hajalipa ada ya mtihani hata mmoja, kwa sababu sukari au moyo ukikataa, fedha zote zilizotangulia zimepotea. Kisha ahesabu miaka. Kiwango cha kimataifa cha kubeba abiria kibiashara kinakoma miaka 65 pakiwa na marubani wawili, na 60 kwa anayeruka peke yake. Mwenye miaka 45 ana muda wa kutosha kufikia kiti cha kushoto. Mwenye 55 ana nafasi ndogo, na nafasi hiyo ikiwa ya Caravan ya rubani mmoja, ni miaka mitano tu.

Na daftari lishughulikiwe angali kazini. Saa za usiku zitenganishwe na za mchana, za kuruka kwa kutegemea vipimo zipate safu yake, za kuwa rubani mkuu zisichanganywe na za kuwa mwanafunzi, injini moja na injini mbili zijitegemee. Kila ukurasa upigwe muhuri na kutiwa saini na mkuu wa kikosi anayemjua na anayeweza kufungua kumbukumbu za kikosi siku hiyohiyo. Nimewahi kukaa na mzee mmoja aliyestaafu, daftari limejaa, mwandiko safi, na kurasa za miaka 11 hazina saini. Wakuu wake wawili walikuwa wamefariki. Wa tatu alikuwa shambani kwake mkoa mwingine, na siku hiyo tulikuwa tunatafuta namba yake ya simu.