Mwanamke, usikubali baiskeli ikuumize

JE, msomaji, umewahi kuendesha baiskeli ya mbio kwa saa moja au mbili, kisha ukashuka ukiwa umekufa ganzi, mikono ikiuma na shingo imekakamaa? Wanawake wengi wakipatwa na hayo hudhani mchezo huo haukuumbiwa mwili wa kike, na baiskeli huachwa nyuma ya nyumba ikishika kutu.

Aghalabu kosa si la mwili, bali ni la vipuri. Kwa miaka mingi baiskeli za mbio zilitengenezwa kwa kumfikiria mwanamume, na huenda hata ile ya mtumba unayouziwa leo ni ya namna hiyo. Kwa hivyo, kabla ya kutumia pesa zako kununua magurudumu mepesi, anza na sehemu tatu zinazogusa mwili wako.

Kiti

Unapoketi, uzito unapaswa kubebwa na mifupa miwili ya makalio. Kwa kawaida mifupa hiyo huachana zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Kiti kikiwa chembamba mno, uzito huangukia sehemu za siri, mishipa ikabanwa. Hapo ndipo ganzi, uvimbe na vidonda huanzia.

Unaweza kujipima nyumbani. Weka kipande cha katoni juu ya kiti kigumu, ukikalie huku umeinama mbele, kisha upime umbali kati ya vishimo viwili vitakavyobaki. Tafuta kiti cha baiskeli kilichozidi kipimo hicho kwa sentimita mbili hivi. Viti vingi vya mbio huwa na upana wa milimita 130 hadi 160.

Usidanganywe na kiti laini kupindukia. Sponji hudidimia na kuzibana zaidi sehemu zile unazotaka kuzikinga. Viti vyenye mwanya katikati huwafaa wengi.

Usukani na breki

Upana wa usukani ulingane na mabega yako. Mwenye mabega membamba huenda akatosheka na sentimita 38 badala ya 42. Ikiwa unalazimika kujinyoosha ili uushike, mwambie fundi abadilishe kile chuma kinachounganisha usukani na fremu, akutilie kifupi zaidi.

Hakikisha pia kwamba vidole vyako vinafikia breki bila taabu, kwani kutozifikia ukiwa kwenye mteremko ni hatari. Breki nyingi za kisasa zina skrubu ndogo ya kuzisogeza karibu na mkono. Na ikiwa kidole cha mwisho na kile kinachokifuata vinakufa ganzi, jua kwamba mshipa wa fahamu unabanwa kiganjani. Badilisha mshiko mara kwa mara.

Pedali na gia

Vyuma vinavyoshika pedali huuzwa kwa urefu mbalimbali, kama vile milimita 165, 170 na 175. Kwa mwenye miguu mifupi, vyuma virefu hulikunja goti kupita kiasi. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi humaanisha kiti kiko chini mno; yakiwa nyuma ya goti, huenda kimeinuliwa mno.

Gia nazo zisipuuzwe. Anayepanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru kwa gia nzito huumiza magoti yake bure. Gia yenye meno 34 mbele na 32 au 34 nyuma hukuwezesha kupanda mlima ukiwa umeketi, miguu ikizunguka kwa wepesi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uendeshe kwa siku kadhaa, kisha uamue. Vaa suruali fupi yenye pedi bila chupi ndani, na uivue mara tu ufikapo nyumbani ili jasho lisikuletee vipele.

Hata hivyo, ganzi isipoisha, au ukiona uvimbe au kidonda kisichopona, mwone daktari na umweleze wazi kwamba unaendesha baiskeli. Usione haya. Wengi wamevumilia maumivu kwa miezi kadhaa, kumbe dawa ilikuwa kubadilisha kiti tu.